Domitila Margwe, Aliyezipanga Riwaya kwa Madaraja ya Kahawa

Tarehe 31 Januari mwaka huu, Bibi Domitila Margwe anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la kahawa hapa Oldeani kwa miaka thelathini na moja. Alianza akiwa mchumaji, akawa mchambuaji, na kwa miaka mingi sasa amekuwa msimamizi wa meza ya kwanza katika banda la kuchambua. Hajawahi kupewa onyo, hajawahi kuhamishwa, na kwa kadiri ninavyomfahamu, hajawahi kunyamaza.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu nimesimamia meza ya pili, jirani kabisa na yake, kwa miaka kumi na tisa. Walidhani ujirani huo umenifanya nimjue vizuri. Hawakukosea. Umenifanya pia nimwonee wivu, na ni heri niliseme hilo mapema, kwa kuwa banda zima linalijua na wasomaji wa jarida hili watanicheka nikijifanya malaika.

Alizaliwa Daa, akasoma huko, na alifika Oldeani akiwa bibi harusi, mumewe alipopata kazi ya kuendesha trekta la shamba. Bandani wengi humwita Mama Modest, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi humwita dada Domitila kwa kuwa amenizidi umri, naye huniita mdogo wangu. Akiniita mdogo wangu kwa sauti ya upole, najua kuna jambo nimelikosea na watu wote wako karibu kuambiwa.

Katika kazi hana mchezo. Ndiye aliyewafundisha wachambuaji wengi tulio nao leo, waliotoka Mbulu, Dodoma, na Singida walikotoka wazazi wangu. Mwaka ule mvua ilipoikata barabara ya Karatu na hakuna aliyejua lori litafika lini, yeye aliendelea kulifungua banda kila asubuhi, akisema kahawa haijui habari za barabara. Alikuwa mwakilishi wa wanawake katika chama cha wafanyakazi, na choo cha matofali kilicho nyuma ya banda ni matunda ya ulimi wake. Inasemekana meneja wa wakati huo alikijenga ili apate kunywa chai yake kwa amani.

Lakini hakuna atakayekuja kwenye sherehe kwa sababu ya choo. Watakuja kwa sababu ya Ijumaa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia bandani, kahawa ikishakobolewa humwagwa juu ya meza ndefu, na akina mama huketi pande zote mbili wakitoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Mikono inafanya kazi na macho yanafanya kazi, ila masikio yako likizo. Dada Domitila ndiye aliyeyaajiri masikio hayo. Kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne, huanza kuieleza riwaya aliyoimaliza wiki hiyo. Haisimulii kama mwalimu. Anaisema, kama mtu anavyomsema jirani: aliyemuoa nani, kwa nini asingemuoa, na mwandishi alikuwa wapi mambo hayo yakiharibika. Akifika karibu na mwisho, hunyanyua kikombe chake na kukaa kimya. Anayetaka kujua yaliyobaki akaazime kitabu kwenye kreti nyuma ya mlango.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa kahawa, riwaya zake amezipa madaraja ya kahawa. AA ni kubwa na nzito, hiyo haina mjadala. A na B zinafuata. C ni ndogo, ya kunywa ukikosa nyingine. PB ni ile punje ya duara iliyokua peke yake ndani ya tunda; si kubwa, lakini ina ladha yake ambayo huipati kwingine. TT ni punje inayoonekana nene ila ni nyepesi, feni ikiwashwa inapeperuka. Na mbuni ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake bila kuoshwa. Riwaya ikiitwa mbuni, hata mwandishi mwenyewe akifika Oldeani asijitambulishe. Daraja likishatolewa, dada Domitila huchukua lebo zilezile tunazofunga kwenye mifuko ya sampuli, akaandika, akaibandika kwenye jalada. Haiondoki.

Nitataja chache kati ya zile zilizopita mezani miaka hii ya karibuni, ili asije mtu akasema namsifu kwa jumla jumla.

Ilikuja *Mgeni wa Chumba cha Nane*, mapenzi kati ya dereva wa watalii wa Karatu na binti wa benki kutoka Dar es Salaam. Mwandishi amemsimamisha kijana wake getini Ngorongoro, alfajiri, mwezi wa saba, akiwa amevaa shati la mikono mifupi huku upepo ukimpapasa kifua. Dada Domitila alikifunga kitabu hapohapo. "Mwandishi aje yeye mwenyewe Julai na hilo shati lake," alisema, "Agosti tunamzika." Akaipa TT. Mimi niliipenda riwaya ile. Pale wanapoagana stendi ya mabasi nililia jikoni mpaka ugali ukashika chini, na bado naamini mtu akipenda kweli anaweza asisikie baridi. Nililisema hilo mezani kwangu, lakini kwa bahati mbaya nilitangulia kueleza kwamba mwishowe binti anaolewa na mwingine, na akina mama wakaguna.

Hilo ndilo tatizo langu, na sina sababu ya kulificha. Nasoma kama yeye, wakati mwingine zaidi yake, lakini siwezi kuubana mwisho. Ukinikaa moyoni, unatoka. Marsela, mchambuaji wa siku nyingi ambaye hajawahi kumwonea mtu aibu, aliwahi kuniambia: "Janeth, wewe kitabu hukisomi, unakizika. Ukimaliza kusema, sisi tunabaki kutoa pole tu."

Ikaja *Malisho ya Kesho*, ya kijana wa Kimasai anayerudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Hiyo dada Domitila alikuwa ameipa A. Siku hiyo alikuwepo Seenoi, mzaliwa wa Kakesio aliyeolewa huku, ambaye hutuletea maziwa asubuhi na mara nyingi husahau kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, akimwita mama kwa Kimasai: "Yeyo, huyo kijana amekaa mbali miaka yote hiyo, amefika bomani, hajauliza habari ya ng'ombe hata mmoja. Ameuliza kama kuna mtandao. Huyo si mtoto wa mtu." Dada Domitila alifikiri, akaenda kwenye kreti, akaibandua lebo ya A na kubandika B, akatangaza kwamba aliyeishusha ni Seenoi. Hapo ndipo wivu wangu hupata shida, kwa sababu mtu anayesikiliza namna hiyo huwezi kumchukia sawasawa. Ila ajue niliona. Lebo ile iliyokuwa haiondoki, kwa Seenoi iliondoka. Kwangu haikuwahi.

Na *Kiangazi cha Mama Mkwe*, ambayo banda zima linaikariri kama sala. Mama mkwe anakuja kusalimia kwa wiki moja, anakaa kiangazi chote na kuliteka jiko. Dada Domitila aliipa AA, akasema kila ukurasa unanuka kitunguu. Kweli, vituko vimo, nami nilicheka. Lakini yule mama anaugua homa siku moja tu, halafu anaamka ameokoka na tabia zake zote, anamwomba mkwewe radhi! Nani amewahi kuona mtu akitubu kwa sababu ya homa? Kwetu mtu akipona homa ndipo anapoanza kudai supu. Ile ni C. Nimeisema hivyo tangu mwanzo, na sasa naiandika hapa kwa herufi za mchapaji kwa kuwa safari hii hawezi kunikatiza.

Kuna wakati ilibidi uongozi uingilie. Meza yangu ilikuwa ikibaki na nafasi wazi kila Ijumaa, watu wakijibana kwenye meza ya kwanza kama wako kwenye msiba wa mtu mkubwa, mpaka likabandikwa tangazo kwamba kila mmoja akae mezani kwake. Nilisema hadharani kwamba tangazo hilo halinihusu. Nyumbani nilikuwa nimeona haya mpaka nikashindwa kula. Baadaye alikuja meneja mwingine aliyeamini kwamba maneno yanaharibu kazi, akaanza kuzipima kahawa za meza zote mbili kuona wapi kuna punje mbovu nyingi zilizoachwa. Meza ya kwanza ilikuwa safi zaidi. Aligundua kwamba mtu anayengoja kusikia hanyanyui kichwa. Meneja yule aliondoka akiwa mwazimaji mzuri wa vitabu. Mimi niliachiwa swali la kwa nini meza isiyo na maneno ndiyo ilikuwa na punje mbovu.

Na siwezi kuacha kisa cha *Bati Jekundu*, kwa sababu watu wataniuliza. Ni riwaya ya mjane anayekwenda Dodoma kuuza nyumba ya marehemu mumewe, anakuta ndani yake kuna mjane mwingine, wa mume huyohuyo. Wanawake hao wawili wanaishia kuishi pamoja na kufuga kuku. Dada Domitila hakuipenda. Alisema wajane wa kweli wangeanza kwa kutupiana masufuria, akaipa TT. Mimi nilisema kitabu hiki si kikubwa lakini kina ladha yake, kipeni PB. Nililisema Jumatatu, nikalirudia Jumatano. Hakuna aliyegeuka.

Wiki hiyo tulikuwa tunafunga sampuli za kupeleka Moshi kuonjwa. Kitabu kilikuwa juu ya meza, kina lebo yetu ya TT, na mtu mmoja ambaye hadi leo hajajitokeza alikitia ndani ya mfuko wa sampuli za TT, akaufunga. Lazaro, dereva wetu wa lori, akaupeleka bila kujua. Majibu ya kahawa yaliporudi, kitabu kilikuja pamoja nayo. Mwonjaji wa kule alikuwa amekisoma chote, na juu ya lebo ameandika kwa wino wa bluu: "Si TT. Hii ni PB. Ionjwe upya."

Banda lililipuka. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha, na hili ndilo lililoniuma, walikubali! Mtu wa Moshi amesema, basi ni PB. Nilisimama katikati ya banda nikiwauliza kwani mimi nilisema nini Jumatatu, na Marsela akanijibu kwamba hawakumbuki, labda nilikuwa nimeshaeleza habari za kuku. Dada Domitila peke yake ndiye hakutikisika. Alisema mwonjaji aonje kahawa, vitabu amwachie yeye. Lebo ya TT iko palepale hadi leo, na maandishi ya Moshi juu yake.

Sasa mseme mnavyotaka, lakini mjue mzizi wa wivu huu. Vitabu huletwa na Lazaro anapokwenda Karatu au Arusha, nakala moja moja, kwa michango ya wote. Anayesoma wa kwanza ni dada Domitila, kwa kuwa kreti aliianzisha yeye. Mimi husoma wa pili. Kila riwaya niliyoisoma kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imeshahukumiwa. Ni kama kuolewa na mtu ambaye mtaa mzima umeshakusimulia tabia zake. Sikutaka cheo chake wala meza yake. Nilitaka jambo moja tu, kwamba siku moja nitangulie mimi, yeye asome baada yangu, na aseme mbele ya watu: Janeth, uliona vizuri.

Mapema mwezi huu alianza likizo yake ya mwisho na kurudi Daa. Siku hizohizo Lazaro akaja na kitabu kipya, *Nusu ya Shamba*, na kwa mara ya kwanza alinikabidhi mimi. Nilikipokea kwa mikono miwili. Ni habari ya ndugu wawili wa kike wa Singida wanaogawana shamba la alizeti la baba yao. Msimuliaji ni dada mkubwa. Mdogo mtu ana kila kitu, sura, mume mhandisi, watoto wenye adabu, hata alizeti zake zinageuka na jua vizuri zaidi. Tangu siku ya matanga dada mtu hamsemeshi mdogo wake, na riwaya nzima ni njia ndefu ya kutafuta salamu. Nilikisoma nikipika, nikifua, nikingoja maji yajae ndoo. Niliona AA, na sikuwa na shaka.

Ijumaa ilipofika nilikaa meza ya kwanza. Niliieleza riwaya ile kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia hata nikiongea na baba mkwe. Nilipofika karibu na mwisho niliuma ulimi, nikanyanyua kikombe, nikakaa kimya. Nikasema: AA. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyebisha pia. Mikono iliendelea na punje. Kisha Marsela akauliza, bila ubaya wowote, "Mama Modest amekisoma?"

Nikamwambia bado.

"Basi tungoje," akasema.

Nilitamani kuipindua ile meza. Miaka yote hiyo nimeingoja Ijumaa yangu, nimeipata, na mtu ambaye hayupo ameichukua! Niliwanunia mpaka saa ya kutoka, na walioniaga niliwajibu kwa kichwa.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Daa, kitabu kikiwa ndani ya sweta. Nilijiambia nakwenda kuchukua maelezo ya wasifu huu. Nilimkuta shambani, wako kwenye palizi ya mahindi na majirani zake, wale wanaosaidiana leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hawakuwa wanapalilia. Walikuwa wamesimama wameegemea majembe, na dada Domitila katikati yao, kilemba kimekaa upande, anawaeleza siku ambayo yule mama mkwe wa *Kiangazi* alikificha kijiko cha mchuzi chini ya mto. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini kabisa kwa kucheka. Nilibaki ukingoni mwa shamba na wivu ukanipanda mpaka masikioni. Hawa watu hawajui TT ni nini. Hawajawahi kuchambua naye hata gunia moja, hawajasutwa naye, hawajanunuliwa naye dawa ya meno yanayouma kama alivyoninunulia mimi. Na watakuwa naye kila siku, palizi hadi mavuno, kwa sababu tu walizaliwa jirani na shamba lake.

Alinipokea kwa furaha, akanipa makande na maziwa ya mgando, akauliza habari za kila mchambuaji kwa jina. Nilimpa kitabu, nikamwambia mimi nimekipa AA. Alikigeuza, akasoma nyuma ya jalada, akakitia kwapani. "Tutaona, mdogo wangu," akasema, na akanisindikiza hadi barabarani.

Katikati ya wiki ulikuja ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Nilikuwa bandani, na niliufungua kila mtu asikie. "Mdogo wangu Janeth, nimekimaliza kitabu chako. Uliona vizuri. Ni AA. Waambie akina mama."

Marsela alinipigia makofi, na wengine wakamfuata. Watu wawili waliandika majina yao papo hapo ili wakiazime. Nami nikakaa, nikainamisha kichwa kwenye punje, nikaingoja furaha. Haikuja. Niliurudia ule ujumbe nikiwa nimeiweka simu sikioni, na kila nilipourudia ulizidi kuniudhi. Sauti ilikuwa ya upole mno. Dada Domitila hata akiipenda riwaya huwa na kesi nayo. *Kiangazi cha Mama Mkwe* yenyewe aliilalamikia jina la mbwa. Hakusema neno kuhusu yule mume mhandisi, ambaye anazungumza kurasa mbili bila kumeza mate, na ambaye hata mimi niliyekipenda kitabu nilikuwa nikimruka. Asingeshindwa kumwona mhandisi. Basi nikajua. Alikuwa ananiaga. Amenipa AA kama mtu anavyompa mgeni kuku wa njiani.

Nawaambia ukweli, kumwonea mtu wivu kunachosha, lakini kuhurumiwa na huyohuyo unayemwonea wivu kunauma zaidi. Nilitoka nje ya banda nikampigia.

"Dada, yule mhandisi umemwonaje?"

"Mhandisi? Ana maneno mazuri."

"Hayakuzidi?"

"Mtu msomi yule, mdogo wangu. Lazima aongee."

"Dada Domitila, usinifanye mtoto. Miaka kumi na tisa!"

Nikasikia kuku nyuma yake, nikasikia akivuta pumzi, kisha ukuta ukaanguka. "Janeth, yule bwana ni redio! Mke analia, yeye anahutubia! Nilitaka kuingia humo ndani nimzime! Na huyo mdogo mtu, mbona hana kosa hata moja? Hagombani, hachelewi, haunguzi chakula. Mtu gani huyo? Nilikuwa nasoma nasema jamani mpeni kosa moja tu tupumue! Ukurasa baada ya ukurasa yeye anang'aa tu kama sufuria mpya. Huyo mwandishi hajui watu."

Nami damu ikanichemka, nikamwambia yeye ndiye hakusoma sawasawa. "Anayesimulia ni nani? Si dada mtu? Na dada mtu ana nini? Ana wivu! Mwenye wivu haoni kosa la mwenzake, dada. Anaona sufuria inayong'aa. Makosa ya mwenzake yapo, ila yeye ndiye wa mwisho kuyaona. Kama huamini niulize mimi."

Nilikuwa nimepaza sauti. Nilipogeuka, akina mama walikuwa wamejazana mlangoni, mikono ina vumbi la kahawa, hakuna hata mmoja aliyekuwa anachambua.

"Hilo sikuliona," akasema dada Domitila.

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu yeyote. Kisha akakohoa, akaendelea: "Lakini mhandisi bado ni redio. Ni B. AA naifuta, na mimi na wewe hatujamaliza."

Salio likaisha hapohapo. B! Niliingia bandani nikaiandika ile lebo kwa mkono wangu mwenyewe, ikingoja kitabu kirudi kutoka Daa, na Marsela akaniuliza mbona nacheka ilhali nimeshushwa. Nilikuwa na furaha ambayo ile AA haikunipa hata chembe.

Kwa niaba ya wachambuaji, wachumaji, madereva na uongozi, tunakushukuru, dada Domitila, kwa kahawa safi iliyotoka mikononi mwako, kwa wote uliowafundisha, na kwa kulifanya banda la vumbi kuwa mahali ambapo watu wanawahi kazini. Kuanzia Februari nitahamia meza ya kwanza. Nimeomba, nimekubaliwa, na Ijumaa zitaendelea. Tunakuombea siku za kustaafu zenye afya, mahindi yaliyobeba, wajukuu wenye kelele za kiasi na macho yasiyochoka kusoma. Wale majirani zako wa Daa uwape hadithi, uwape vicheko, uwape hata mama mkwe mzima mzima, nami nitavumilia. Ubishi tu usiwagawie. Huo niwekee mimi.

Janeth Mughwai
Msimamizi, meza ya pili